Galoni la Bibi Halitupwi

Mkono wa Kifungo uko palepale tulipouacha: juu, umeshika galoni, na galoni limeinama.

Wiki nzima mmeniuliza kama haujafa ganzi. Umekufa ganzi. Haya, tuutue.

Kwa aliyedandia hadithi leo, hali ilikuwa hivi. Nyuma ya duka la dobi, gari la mizigo lilikuwa linanguruma bila kwenda popote. Lilijaa hadi juu shuka, vitambaa vya meza na makoti meupe ya wahudumu wa hoteli mpya. Kwenye dashibodi, maandishi mekundu yalikuwa yanamtazama dereva kama mkwe mwenye kinyongo: dawa ya moshi imekwisha, ukizima injini haitawaka tena.

Gari halikuwa bovu. Magari ya dizeli ya siku hizi ndivyo yalivyozaliwa. Yana matangi mawili, kubwa la dizeli na dogo la dawa ya kusafisha moshi, lenye kifuniko cha buluu. Dawa yenyewe ukiitazama utadhani ni maji matupu. Lakini hayo maji yakiisha, gari linasusa kama bwana harusi aliyenyimwa kiti cha mbele.

Na siku hiyo halikutakiwa kususa. Mjomba, mwenye duka, alikuwa amechoka kunusa jasho la watu. Aliahidi mbele ya familia nzima kwamba mzigo wa kwanza ukifika hotelini kabla wageni hawajaketi kula chakula cha mchana, funguo za gari na za duka ni za mpwa wake wa kike, Kifungo. Usipofika, gari linauzwa, na duka linakwenda kwa mwanawe wa kumzaa, kijana ambaye mtaa mzima unamwita Bosi Mtarajiwa kwa sababu alianza kuvaa tai kabla hajaota ndevu, na mpaka leo hajapata mtu wa kumwamuru.

Ndiyo maana Kifungo alikuwa na haraka. Hakunusa, hakuangalia. Alilichomoa galoni la dawa chini ya meza ya pasi, pale alipoliweka mwenyewe siku alipolinunua, akafungua kifuniko cha buluu, akaliinamisha. Hapo ndipo Bibi alipotoa kichwa dirishani na kusema yale maneno yaliyowanyima usingizi.

"Usimimine hiyo, mjukuu wangu. Hilo galoni nimelijaza mimi."

Tone la kwanza lilikuwa limeshafika mdomoni mwa galoni. Likachungulia. Likajiachia.

Kifungo alilidaka kwa kidole, sentimita chache juu ya tundu la tangi, kama kipa anayelipwa vizuri.

Akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikashikana. Akavivuta, vikagoma kwanza, kisha vikaachana shingo upande. Akanusa. Uji.

"Bibi, huu ni wanga."

"Ni wanga," Bibi akakubali kwa fahari. "Tena nimeuchuja."

Hapa inabidi nimtetee Bibi kidogo, maana kuna watu wameshaanza kumsonya. Katika nyumba ile chombo hakitupwi. Sukari inakaa kwenye kopo la maziwa. Chumvi inakaa kwenye kopo la kahawa. Siki imo kwenye chupa ya mafuta ya nywele, na mgeni aliyewahi kujipaka anajua anachokijua. Kifungo mwenyewe alipata jina lake hapo, alipokuwa mdogo, alipofungua kopo la peremende na kumeza kilichokuwamo. Bibi ana msemo wake: chombo kizuri hakizikwi na marehemu wake.

Na galoni la dawa ya moshi lilikuwa chombo kizuri. Lina mkono wa kushikia, lina kifuniko kisichovuja, jeupe, imara. Bibi aliliona limekaa chini ya meza na maji ndani yake, akalionea huruma. Galoni la heshima namna ile, kuwekewa maji tu?

Kifungo akauliza kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani hayo maji yalikwenda wapi.

Bibi akasema yeye si mharibifu, hata maji hamwagi. Aliyatia kwenye chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi.

Kifungo aligeuka kulitazama gari. Shuka zote zile. Vitambaa vyote vile. Makoti ya wahudumu, kola zimesimama kama askari. Kama Bibi amevipulizia dawa ya moshi, basi hakuna hoteli, hakuna funguo, hakuna chochote.

"Bibi, ulipulizia nini?"

Bibi alifikiri kidogo, na kufikiri kwa Bibi hakuna gia ya haraka. Nguo za hoteli, akasema hatimaye, alizimaliza jana yake kwa maji ya bomba. Leo asubuhi alipiga pasi nguo moja tu. Suti nyeusi ya Bosi Mtarajiwa. Kijana alikuja analalamika kwamba anakwenda hotelini kuonana na wakubwa, anataka mistari ya suruali iwe ya kukatia mkate. Bibi akampulizia chupa nzima.

"Na pasi ya moto ilipogusa, haikunuka?"

Bibi akatazama pembeni. "Ilinuka kama choo cha shule. Nikadhani ni yeye. Sikutaka kumwaibisha."

Kifungo alicheka mpaka akaegemea gari, na gari likamtikisa kumkumbusha kwamba bado linanguruma na tangi bado ni kavu. Akalifunga galoni la wanga, akalitupa nyuma ya kiti ili amwonyeshe muuzaji nembo yake, asije akauziwa kitu kingine. Alipokuwa anatoka getini alimsikia Bibi nyuma akitoa agizo la mwisho. Galoni lake lirudi.

Njiani alilibembeleza lile gari kwa majina ya mapenzi ambayo hajawahi kumwita binadamu. Kwenye foleni mguu haukutoka kwenye mafuta. Mkokoteni wa nyanya ulipomkatia njia, injini ilishuka sauti, ikakohoa, na Kifungo akaacha kupumua mpaka ilipopanda tena. Mwenye mkokoteni alimpungia mkono wa shukrani. Hakujua alivyokuwa nusura aizime injini isiyowaka tena.

Kituo cha mafuta kinachouza ile dawa kilikuwa kimoja tu upande ule wa mji. Na kwenye kituo hicho, kama mnavyokumbuka, anafanya kazi Mrefu.

Mrefu ni yule kijana wa pampu ambaye tangu sehemu ya pili ya hadithi hii amekuwa akifuta kioo cha gari la Kifungo hata kikiwa kisafi. Kikiwa na vumbi anafuta. Mvua ikinyesha anafuta. Kile ndicho kioo kisafi kuliko vyote mjini, na bado hakuna aliyesema neno.

Siku hiyo hakukimbilia kitambaa. Alisimama mbele ya gari amenyoosha mikono kama mlingoti wa bendera, akaonyesha kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake, ingawa kwa Mrefu hakuna kilicho juu sana. Zima injini.

Kifungo akamweleza kwamba hawezi kuzima. Mrefu akamweleza kwamba hawezi kumhudumia. Kifungo akasema dawa ya moshi haiwaki moto, ammiminie tu. Mrefu akasema dawa haiwaki, lakini petroli ya pampu ya pili inawaka, na yeye hajaoa bado, asingependa kufa. Wenye magari nyuma wakaanza kupiga honi.

"Dawa unayo au huna?" Kifungo akauliza.

"Ninayo. Galoni moja limebaki, nimeliona asubuhi kwa macho haya."

"Niapie."

Mrefu aliweka mkono kifuani. "Kama nakudanganya, niamke kesho nikiwa mfupi."

Kifungo akazungusha ufunguo.

Ukimya uliofuata ulikuwa wa aina yake. Hata waliokuwa wanapiga honi waliacha. Maandishi mekundu yakang'aa mara ya mwisho, yakatulia, kama mtu aliyesema niliwaambia.

Mrefu alikwenda stoo kwa hatua za twiga. Akarudi kwa hatua za bata.

Galoni halikuwapo. Mwenzake wa dirishani alikuwa ameliuza muda si mrefu, wakati Mrefu anajaza lori. Aliyelinunua alisema ni kaka yake Kifungo, anamsaidia dada yake, na mwenzake akaona ni jambo jema, akampunguzia hata bei.

Kifungo akauliza huyo kaka alivaa nini.

"Suti."

"Ya rangi gani?"

Mrefu alisita. "Alipoingia ilikuwa nyeusi. Alipotoka ilikuwa kijivu. Sasa hivi sijui."

Sasa hivi, msomaji, ilikuwa inakaribia kuwa nyeupe.

Walimkuta nyuma ya ukuta, karibu na mashine ya kujazia matairi upepo. Bosi Mtarajiwa alikuwa amekaa juu ya galoni la dawa kama kuku anayetamia. Dawa ile ikikauka inaacha chumvi nyeupe, na jua lilikuwa limeikausha barabara. Mabega yake yalikuwa ya mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga unga. Magoti yalikuwa ya mtoto aliyecheza na chaki. Mistari ya suruali, kusema kweli, bado ilikuwa inaweza kukata mkate.

Waendesha pikipiki wa kukodi walikuwa wamejipanga mbali, upande ambao upepo unatokea. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wa kwanza alisema pikipiki yake ni mbovu. Wa pili alisema anasubiri mtu. Wa tatu, ambaye hakulelewa kwa kufichaficha mambo, alisema anapenda pua yake.

Bosi Mtarajiwa alipomwona Kifungo alikaza tai. Akaanza hotuba. Kiongozi wa kweli huweka akiba, akasema. Ameinunua dawa kwa ajili ya biashara, na ataitoa kesho, baada ya baba yake kutangaza uamuzi. Hana ubaya na mtu. Ni mipango tu.

Kifungo alivuta hewa kidogo kwa pua, akarudi hatua moja nyuma.

Hotuba ikamfia mdomoni. Bosi Mtarajiwa akatazama mikono yake, akatazama magoti, akawatazama wale wa pikipiki. Aliposema tena, tai ilikuwa bado imekaza lakini sauti ilikuwa imelegea.

"Dada, ninaumwa nini?"

Alikuwa ameoga, akasema. Alikuwa ameoga tena kwenye bomba la kituo, uso na mikono. Lakini kila akijifuta kwa kitambaa, weupe unaongezeka na harufu inapanda. Alikuwa amekaa pale anajiuliza kama mtu anaweza kuoza akiwa amesimama.

Hapa mimi ningemtesa. Ningemwambia huo ni ugonjwa wa tamaa, unaanzia kwenye suti na kuishia kwenye cheo. Kifungo naye alishafungua mdomo amwambie hivyohivyo. Lakini walilelewa sahani moja, walimeza vifungo kopo moja. Akamwambia ukweli wote: galoni, chupa ya kupulizia, pasi ya moto, Bibi.

Bosi Mtarajiwa akainua mkono wa koti, akaunusa. Kisha uso wake ukaanza kutetemeka, na Kifungo akadhani analia.

"Alinikumbatia wakati natoka," akasema. "Bibi. Alinikumbatia kwa nguvu, akabana pumzi."

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka unga ukamtoka mabegani, na Kifungo akacheka, na Mrefu kule juu aliko akacheka, na yule wa pikipiki anayependa pua yake akacheka kwa mbali.

Lakini kucheka si kukubali. Alipotulia, Bosi Mtarajiwa bado alikuwa amekalia galoni.

Kifungo akampangia mambo kama karata. Pikipiki hazimtaki. Kwa miguu hafiki, na akifika hivyo watamfukuza mlangoni. Chumvi ile inatoka kwa maji tu, mtoto yeyote wa dobi anajua chumvi inatoka kwa maji. Ndoo ipo, kitambaa kipo. Na gari la kumfikisha hotelini lipo, limesimama palepale, linasubiri anyanyue makalio yake.

Akafikiri. Akainuka. Galoni likatokea, lina joto.

"Lakini nakaa mbele," akasema.

"Mbele, na kichwa nje ya dirisha."

Mrefu ndiye aliyemwosha, na alimwosha kwa mazoea. Alianza na mabega kama anayefuta kioo, akateremka kwa mistari iliyonyooka, akamzungusha, akampiga maji nyuma, na ninaamini asingezuiwa angempima upepo. Suti ikarudi kuwa nyeusi. Ilitiririka maji, na harufu haikuondoka yote, lakini rangi ilikuwa rangi.

Wakati huo Kifungo alikuwa amelikagua galoni jipya. Safari hii hakuwa na haraka. Akaikata lakiri mwenyewe, akadondosha tone kidoleni, akasugua. Vidole viliteleza, havikushikana. Akachomeka mpira wa kumiminia kwenye tundu la kifuniko cha buluu, na gari likanywa. Lilikunywa kwa sauti, glu, glu, kama mtu aliyevuka jangwa kwa miguu, mpaka galoni likaisha.

Akaingia, akazungusha ufunguo awashe.

Kimya. Maandishi mekundu yalikuwa palepale.

Akajaribu tena. Kimya. Jua lilikuwa limeshakaa katikati ya anga, hotelini wahudumu walikuwa wanatandika meza zisizo na vitambaa, na gari lilikuwa linamwangalia Kifungo kama halijawahi kumwona.

Mrefu akainama mpaka kichwa kikafika dirishani, safari ndefu. Akamwambia asiwashe. Afungue swichi tu, taa ziwake, halafu aache, asubiri. Mtu aliyezimia ukimnywesha maji hasimami papo hapo, kwanza anashangaa. Gari nalo linahitaji muda lionje lilichopewa na kuamini kwamba ni chenyewe.

Wakasubiri. Bosi Mtarajiwa alikuwa anachuruzika kwenye kiti cha pembeni, kichwa nje kama walivyokubaliana. Mrefu hakujua aweke wapi mikono yake, kwa hiyo akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo.

"Ni kisafi," Kifungo akasema kutoka ndani.

"Najua."

"Sasa unafuta nini kila siku?"

Mrefu alifuta mduara mmoja mdogo, usawa wa uso wake. "Nafuta ili siku utakayoangalia huku, usinikose."

Kifungo akaangalia huku.

Na palepale maandishi mekundu yakazimika. Sisemi kwamba ni kwa sababu hiyo. Fundi atawaambia ni kipimo cha tangi kimesoma dawa, na fundi ana haki ya maoni yake. Mimi nasema tu yalizimika hapo. Kifungo akazungusha ufunguo, injini ikanguruma kwa sauti ya kushiba, na gari likaondoka kituoni kabla ya yeyote kuulizwa swali jingine. Mrefu alibaki na kitambaa mkononi, anafuta hewa.

Mlango wa nyuma wa hoteli uko karibu na jikoni. Kwenye ngazi zake, katika shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, alikuwa amekaa Mjomba. Alitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, kwa sababu kukaa kusubiri kulimshinda. Alipoliona gari alisimama haraka, halafu akajifanya hakusimama haraka.

Kifungo akamsimulia kwa kifupi huku wanashusha mzigo. Hakumlaumu, lakini Mjomba alijilaumu kabla hajafika mwisho. Maana taa ile ya dawa ilianza kuwaka zamani, na kila Kifungo alipoitaja, Mjomba alisema gari ni dizeli na breki, vingine vyote ni mapambo. Yeye ndiye aliyesema ni maji ya kuwauzia wajinga.

Sasa Mjomba si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Neno samahani halijawahi kupita kwenye meno yake bila kukwama. Akikosea anakurekebishia kitu. Alipomkosea mkewe, alijenga kabati. Alipomkosea Bibi, paa lilipakwa rangi. Kwa hiyo alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho, akakuna kichwa, akamwambia amwachie ufunguo, aingie ndani kukabidhi mzigo, gari ataliangalia yeye.

Kifungo akaingia. Msimamizi wa vyumba na meza, mama mpana wanayemwita Matroni, alikuwa anamsubiri huku amekunja mikono.

Matroni hakusalimia. Alichomoa kitambaa kimoja katikati ya fungu, pale ambapo watu huficha vibaya, akakikung'uta, akakinyanyua kwenye mwanga. Akakipitisha shavuni. Akachomoa kingine. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za wageni wa kwanza na viti vikivutwa.

Kisha pua ya Matroni ikacheza.

Akanusa kitambaa. Akanusa hewa. Akaliangalia lile fungu lote la kazi ya Kifungo kwa jicho la hakimu.

"Kuna harufu hapa," akasema. "Inatoka wapi?"

Kifungo alihisi funguo zinateleza, na bado hajazishika. Angejibu nini? Mtu aliyeleta nguo na harufu pamoja, nani atamwamini kwamba vilikuja mbalimbali?

Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama Bosi Mtarajiwa, anadondosha maji kwenye sakafu iliyosuguliwa. Alikuwa na njia rahisi kabisa. Hakuhitaji kusema uongo, alihitaji kunyamaza tu. Matroni akivirudisha vitambaa, duka ni lake, gari linauzwa, na tai inapata kazi.

Alikohoa kidogo.

"Ni mimi, mama," akasema. "Vitambaa havina kosa. Harufu ni yangu mimi, na ya bibi yangu."

Matroni akamsogelea, akanusa mara moja, akarudi haraka kuliko alivyokwenda. Akapiga makofi, na wahudumu wakaingia kubeba vitambaa mbio mbio kwenda mezani. Kisha akamgeukia Kifungo, na kwa mara ya kwanza meno yake yakaonekana.

"Kazi ni yenu. Kesho lete tena, binti. Huyu kijana mwacheni kwenye kamba akauke."

Kifungo alimshika binamu yake shingoni akamkumbatia hivyohivyo, na hakubana pumzi. Alijuta baadaye, lakini hakubana. Halafu akakimbia kwenye korido, akapita jikoni akiruka masufuria, akatokea mlango wa nyuma na habari njema imemjaa mdomoni.

Mjomba alikuwa amesimama ubavuni mwa gari, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa kama sinia lililotoka kusuguliwa. Alikuwa amepangusa matairi. Alikuwa ameziba tundu la kiti. Na mkononi alikuwa ameshika galoni jeupe, zuri, lenye mkono wa kushikia na kifuniko kisichovuja, amelipindua chini juu, analitikisa kuhakikisha halikubaki tone.

Kifuniko cha buluu cha tangi kilikuwa kimefungwa vizuri.

Habari njema ikarudi tumboni kwa Kifungo.

"Nimelikuta nyuma ya kiti," Mjomba akasema, na hakuweza kuuficha ukarimu wake. Alikuwa amesoma nembo yote, neno kwa neno, yeye ambaye hakuwahi kuamini. Akaona gari lina kiu, dawa ipo, na mpwa wake kwa haraka zake ameisahau. Tangi lilikuwa bado na nafasi. "Nimelimiminia lote, mwanangu. Sitaki uanze ubosi na tangi nusu."

Kifungo alifungua mdomo. Mjomba aliuona mdomo ule wazi akadhani ni furaha, na macho yakamlowa naye.

Akaliweka galoni chini taratibu, maana alijua lina mwenyewe. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zote pamoja, za duka na za gari, zile alizozishika maisha yake yote ya udobi. Akazifumba. Akanyoosha ngumi juu ya kiganja cha Kifungo, kama alivyoahidi mbele ya familia nzima, akafungua mkono.

Vidole vyenye wanga viliachana kimoja kimoja, shingo upande.

Funguo hazikuanguka.